Nanaa, Kivumbasi na Kifua cha Mchimbaji

Ingia duka lolote la Katoro, Nyarugusu au Kahama, na kando ya betri za tochi na sabuni za kipande utaviona vikopo vidogo vya mafuta ya kupaka yenye mentoli. Mchimbaji hukinunua kwa ajili ya kifua na mgongo. Mama hukinunua kwa ajili ya mtoto mwenye mafua. Mzee hujipaka kipajini kichwa kinapomgonga, na dereva wa bodaboda hujipaka chini ya pua asubuhi ya baridi. Harufu inayotoka humo asili yake ni nanaa, mmea ambao wengi wetu tunaujua kwa majani machache yanayotiwa kwenye chai.

Makala haya ni ya watu wanaotumia nanaa, mafuta yake na ndugu zake, kuanzia Shinyanga hadi Geita. Naipenda mimea hii na natamani iwe katika kila ua. Lakini lipo jambo linalonisumbua, nalo ndilo lililonifanya niandike: nanaa ina uwezo mkubwa wa kutuliza, na katika ukanda wa dhahabu utulivu huo unawachelewesha watu kufika hospitali.

Kwanza tuitambue familia yenyewe. Shika bua la nanaa ulizungushe kati ya vidole. Utahisi pembe nne. Majani yake hukaa mawili mawili yakielekeana, na ukiyafikicha harufu hupanda papo hapo. Alama hizo utazikuta pia kwa rehani na kivumbasi, kwa sababu wote ni wa ukoo mmoja. Mchaichai na mkaratusi hunukia vizuri na hutiwa kwenye nyungu moja ya kujifukiza pamoja na hao, lakini ni watu wa koo nyingine.

Nanaa inayouzwa kwa mafungu sokoni mara nyingi ni ile ya chai, yenye harufu tamu na ubaridi mdogo. Nanaa pilipili, chotara wa nanaa ya chai na nanaa ya majini, ndiyo yenye mentoli nyingi. Katika mafuta yake mentoli hufika kati ya asilimia 30 na 55 hivi. Ipo pia nanaa ya mashambani inayolimwa kwa wingi India, hasa jimbo la Uttar Pradesh, nayo ndiyo chanzo kikubwa cha mentoli ya asili inayosambazwa duniani. Kivumbasi ni kitu kingine. Jina hilo tunaipa mimea kadhaa: mmoja hunukia karafuu, mwingine hunukia kafuri. Kabla ya kukitumia, kifikiche unuse, ujue umeshika kipi.

Sasa tuseme mentoli inafanya nini mwilini, maana hapo ndipo penye kiini cha habari yote. Kwenye ngozi, puani na mdomoni tuna mishipa ya fahamu inayopokea habari za baridi. Mentoli huigusa mishipa hiyo na kuiamsha, hata kama joto la mahali pale halijashuka hata kidogo. Ubongo unaambiwa kuna baridi, nao unaamini. Mwanasayansi David Julius wa Marekani ni mmoja wa waliogundua kipokezi hicho cha baridi kwa kutumia mentoli mwaka 2002, na mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian kwa kazi ya namna mwili unavyohisi joto, baridi na mguso.

Kwa mtu aliyezibwa pua, maana yake ni hii. Watafiti waliwanusisha watu mentoli, wakapima hewa inayopita puani kabla na baada. Njia ya hewa haikupanuka. Waliopimwa walihisi tu kwamba imepanuka. Faraja hiyo ni ya kweli na ina thamani yake usiku wa mafua, kwa sababu mgonjwa anapata usingizi. Lakini uvimbe wa pua uko palepale, makohozi yako palepale, na kilichoko kifuani hakijaguswa.

Mafua ya kawaida huisha yenyewe ndani ya siku chache, kwa hiyo nanaa haina hasara hapo. Shida inaanza pale kifua kinapokuwa cha mchimbaji. Mtu anayeshuka kwenye duara (shimo la mgodi) kuchoronga, au anayesimama kwenye karasha mawe yakisagwa, anavuta vumbi la silika. Chembe zake ni ndogo mno, hupita puani na kooni zikatua ndani kabisa ya mapafu, na mapafu hayana njia ya kuzitoa. Miaka inapita, mapafu yanajenga makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, nao hauna dawa ya kuuponya. Tena mapafu yenye vumbi hilo yanashambuliwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mapafu ya mtu mwingine. Ongeza kambi zenye watu wengi wanaolala chumba kimoja, na utaelewa kwa nini kikohozi cha mgodini si cha kubembelezwa.

Mchimbaji anayekohoa mara nyingi hupita njia ileile: anaanza na kikopo cha mentoli, kisha pipi kali za kifua, kisha chai ya tangawizi na nanaa, kisha nyungu. Kila hatua inampa nafuu ya usiku mmoja au miwili, na nafuu hiyo inamrudisha kazini. Wiki zinakuwa miezi. Wakati huo, kama ni kifua kikuu, anawaambukiza wenzake wa zamu na watoto wake nyumbani.

Basi shika kanuni hii: kikohozi kikifika wiki mbili, usikipake kitu, nenda kapime makohozi. Usisubiri hata wiki mbili kama unatoka jasho jingi usiku, homa inapanda jioni, uzito unapungua au umekohoa damu. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali, na matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Mwambie mganga wa zahanati kwamba wewe ni mchimbaji, na utaje umefanya kazi hiyo kwa miaka mingapi, kwa sababu habari hiyo inabadilisha anachokitafuta. Ukitaka kupunguza vumbi lenyewe, dawa yake ni maji: mwagia mawe kabla ya kuyaponda, choronga kwa maji pale inapowezekana, na vaa barakoa halisi ya kuzuia vumbi. Kitambaa kilichofungwa usoni na kupakwa mentoli kinanukia vizuri, ila vumbi la silika linapita.

Kuna kikohozi kingine cha kwetu ambacho sikioni kikizungumzwa vya kutosha. Mtu anachoma zebaki kupata dhahabu, wakati mwingine jikoni au chumbani kwa kuogopa macho ya watu. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Saa chache baadaye kifua kinabana, kikohozi kinaanza, homa inapanda, na yeye anadhani ni baridi ya alfajiri. Huyo anapaswa kutolewa kwenye hewa ile na kupelekwa kituo cha afya, na mhudumu aelezwe wazi kwamba zebaki imechomwa. Mkono unaotetemeka, fizi zenye vidonda na usahaulifu ni dalili za waliovuta mvuke huo kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa mradi wa zebaki wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, walifanya vipimo Rwamagasa, Geita, na waliokutwa na dalili nzito zaidi ni wachomaji. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Hakuna jani, chai wala mafuta yanayosafisha zebaki mwilini, na anayekuuzia nanaa kwa ahadi hiyo anakudanganya.

Nyungu nayo tuizungumze, maana hakuna jambo la tiba za nyumbani lililotikisa nchi kama hilo. Mwaka 2020, korona ilipoingia, Rais John Magufuli, mwenyeji wa Chato mkoani Geita, aliwahimiza wananchi kujifukiza. Majani ya mkaratusi, mchaichai, kivumbasi na nanaa yakawa biashara. Mvuke hauui kirusi cha korona. Kazi yake ni ndogo zaidi na ya kueleweka: unalainisha makamasi na kumpa mgonjwa nafuu ya muda. Mtu mzima mwenye mafua anaweza kuutumia bila kosa, akijihadhari na moto. Sufuria iepuliwe jikoni, iwekwe chini mahali pasipoyumba, mvuke mkali upungue kwanza, ndipo ajifunike kwa dakika tano hadi kumi akiwa amefumba macho. Jiko la mkaa lisiingizwe chini ya blanketi wala ndani ya chumba kilichofungwa, maana hewa yake inaua. Kama unatumia mafuta badala ya majani, matone mawili au matatu yanatosha sufuria nzima. Mwenye pumu aache kabisa, kwa sababu mvuke wenye harufu kali unaweza kumbana zaidi. Na mtoto asijifukize. Maji ya nyungu yakimwagika kwenye mapaja ya mtoto, mafua yaliyokuwa yakitibiwa yanageuka kuwa miezi ya kutibu kidonda cha moto.

Hapo kwenye watoto naomba mama na bibi wanisikilize kwa makini. Mtoto aliye chini ya miaka miwili asipakwe mafuta ya mentoli wala kafuri puani, usoni au kifuani. Kwa mtoto mchanga harufu hiyo kali inaweza kuifanya njia ya hewa ijifunge ghafla, akashindwa kupumua. Anayepaka anataka kumfungulia pua, na matokeo yake yanakuwa kinyume.

Ipo pia sababu inayotuhusu sisi wa kanda hii kuliko watu wa nchi za baridi. Katika maeneo yenye malaria nyingi, watu wengi huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu. Mtu anaweza kuishi maisha yake yote bila kujua anao. Lakini kwa kichanga mwenye upungufu huo, mentoli na vidonge vya nondo vinavyowekwa kwenye nguo vinaweza kuvunja damu na kuleta manjano kali, na manjano kali huharibu ubongo. Madaktari wa Nigeria waliandika juu ya hatari ya mentoli kwa vichanga hao tangu mwaka 1980. Nguo za mtoto zilizohifadhiwa sandukuni na vidonge vya nondo zifuliwe na zianikwe vizuri kabla hajavishwa. Pua ya kichanga ikiziba, tone moja la maji ya chumvi safi kutoka duka la dawa kila upande linatosha, na anyonyeshwe mara kwa mara. Akipumua kwa kasi, mbavu zikiingia ndani, au akikataa kunyonya, huo ni mwendo wa hospitali saa hiyohiyo.

Kwa tumbo, nanaa ina haki ya kusifiwa. Mafuta yake hulegeza misuli laini ya utumbo, na ndiyo maana katika nchi nyingi yametengenezwa vidonge maalumu vyenye ganda linaloyeyukia utumboni kwa ajili ya watu wenye tumbo linalosokota na kujaa gesi mara kwa mara. Shirika la Afya Duniani liliweka jani la nanaa pilipili na mafuta yake katika juzuu la pili la vitabu vyake vya mimea ya dawa, mwaka 2002. Nyumbani kwetu, baada ya mlo wa maharage, au michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) iliyopikwa na karanga ikaliwa hadi kushiba, kikombe cha nanaa ni msaada wa haraka. Chukua majani mabichi ya kujaa kiganja, au kijiko cha chai cha majani makavu, mimina maji yaliyochemka, kisha funika kwa dakika kumi. Kifuniko ni cha lazima. Ukiacha wazi, mafuta unayoyataka yanaondoka na mvuke.

Nguvu hiyohiyo ya kulegeza ina upande wake mbaya. Juu ya tumbo kuna misuli inayozuia tindikali isipande kooni. Nanaa huilegeza nayo. Mwenye kiungulia atazidi kuungua, na mwenye maumivu ya vidonda vya tumbo asijitulize kwa nanaa mwezi baada ya mwezi bila kupima. Anayeharisha maji mengi, hasa kambini wakati wa kipindupindu, anahitaji ORS na zahanati. Chai ya nanaa haiwezi kurudisha maji na chumvi alizopoteza.

Mama mjamzito anayemeza FEFO (kidonge cha kuongeza damu) aliyopewa kliniki asiishushie kwa chai ya nanaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chai ya nanaa pilipili iliyonywewa pamoja na mkate ilipunguza madini ya chuma yaliyofyonzwa na mwili kwa asilimia 84, kiwango kinachokaribiana na cha chai ya rangi. Aimeze kwa maji, na chai ya aina yoyote aiweke mbali na kidonge hicho na mbali na chakula kikuu kwa saa moja au mbili. Hili linamhusu kila mtu mwenye upungufu wa damu.

Kwa maumivu ya kichwa yatokanayo na uchovu na misuli ya shingo iliyokaza, nanaa pilipili ina ushahidi mzuri. Ujerumani hutumia mafuta ya nanaa pilipili yaliyochanganywa kwa asilimia 10 katika spiriti, yakipakwa kipajini na pembeni mwa kichwa, mbali na macho. Kwa misuli ya mgongo na mabega iliyochoka kwa koleo na sururu, mchanganyiko wa asilimia 2 unatosha: matone mawili ya mafuta halisi katika kila kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, usubiri hadi kesho yake. Usipake kwenye kidonda, wala usipake kisha ukalala na blanketi zito juu yake, ngozi inaweza kuungua. Kichwa kinachouma pamoja na homa kinahitaji kipimo cha malaria kabla ya kitu kingine chochote. Geita na Shinyanga ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na mashimo yaliyoachwa na wachimbaji yanajaa maji ya mvua na mbu wanazaliana humo.

Mafuta halisi yasinywewe. Inahitajika zaidi ya kilo mia moja ya majani mabichi kupata kilo moja ya mafuta, mara nyingi zaidi ya mia mbili, kwa hiyo chupa ndogo imebeba nguvu ya gunia. Iwekwe juu, mbali na mikono ya watoto.

Tuje kwa kivumbasi, ambacho kwa nchi yetu ya ukame nakiona kina faida kubwa kuliko nanaa yenyewe. Nanaa inataka maji kila siku. Kivumbasi kinaota kando ya njia, mashambani na katika ngitili (maeneo ya malisho na miti yanayohifadhiwa), na kinastahimili kiangazi cha Mei hadi Oktoba.

Kazi yake ya kwanza ni mbu. Wazee walining'iniza matawi mlangoni au kuyafukiza jioni, na utafiti umewaunga mkono kwa kiasi. Magharibi mwa Kenya, vyungu vyenye mimea hai ya jamii ya kivumbasi vilipowekwa kwenye vibanda vya majaribio, mbu walipungua kwa karibu asilimia 40. Huko Moshi watafiti walijaribu mafuta ya vivumbasi vya aina mbili wakakuta yanafukuza mbu vizuri. Asilimia 40 ina maana kwamba mbu sita kati ya kumi bado wameingia. Panda kivumbasi dirishani na mlangoni, jipake majani unapokaa nje jioni, kisha ulale ndani ya chandarua chenye dawa. Kufukiza majani ndani ya nyumba isiyo na madirisha ya kutosha nakushauri uache. Moshi huo unaingia kwenye vifua vilevile nilivyovizungumza hapo juu.

Kazi ya pili ni ghala. Majani makavu ya kivumbasi yamechanganywa na nafaka Afrika Mashariki tangu zamani, na majaribio ya wanasayansi yamethibitisha kwamba mafuta yake huwafukuza na hata kuwaua fukusi. Anika majani kivulini, siku kadhaa hadi yavunjike mkononi, maana jua kali huondoa mafuta. Yasage, kisha uyachanganye na mtama, choroko au dengu zilizokauka barabara. Mafuta hayo hupotea hewani, kwa hiyo kinga yake ni ya wiki chache. Rudia, na upepete kabla ya kupika. Kwa mahindi ya kukaa hadi msimu ujao sikushauri utegemee majani peke yake. Dumuzi, mdudu aliyeripotiwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kupewa na wakulima jina la skania, anageuza gunzi na punje kuwa unga, na kivumbasi hakimzuii vya kutosha. Mahindi hayo, pamoja na michembe, yatie kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Fedha ya mfuko hurudi msimu wa kwanza.

Ukienda kukata kivumbasi kwenye ngitili ya mtu au ya kijiji, omba ruhusa, kata matawi ya juu, na using'oe. Shinyanga ilifikia mahali ikaitwa jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986, na kwa kurudisha desturi ya ngitili wananchi wakaotesha upya maelfu kwa maelfu ya hekta. Kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ekweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Dawa tunazozichuma leo zimerudi kwa juhudi hiyo.

Kwa anayetaka kupanda nanaa nyumbani, usihangaike na mbegu. Nanaa pilipili haitoi mbegu zinazoota, na nanaa ya chai huota vizuri zaidi kwa vipande. Nunua fungu sokoni lenye mabua mazima, toa majani ya chini, uyaweke mabua kwenye glasi ya maji hadi mizizi itoke, kisha uhamishie kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini. Weka penye kivuli cha mchana. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanatosha kuinywesha. Ya sabuni yamwage kwingine. Ndoo inasaidia pia kuizuia isitambae ikameza bustani. Vuna kabla ya maua, na kila mwaka ubadilishe udongo na kupanda vipande vipya.

Udongo wenyewe uchague kwa uangalifu. Usichukue mchanga wa marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutolewa dhahabu, kutoka mwaloni inakooshwa dhahabu au kwenye viwanda vya kuchenjulia, hata kama ni laini na wa bure. Marudio hubaki na zebaki, na mawe ya dhahabu mara nyingi huwa na aseniki. Majani hunyonya mvuke wa zebaki moja kwa moja kutoka hewani, kwa hiyo nanaa, kivumbasi na hata mchicha ulioota karibu na pale zebaki inapochomwa haufai kunywewa wala kuliwa. Kuosha hakusaidii. Panda upande unakotoka upepo, mbali na mwalo, kwenye udongo wa shamba na samadi iliyooza.

Vikundi vya akina mama na vijana hufikiria kukamua mafuta ya nanaa kwa ajili ya kuuza. Nawaambia mapema wasitumie mikopo kwa hilo. Nanaa pilipili inahitaji siku ndefu za kiangazi, zenye mwanga wa saa 14 na zaidi, ili itoe mafuta mengi yenye mentoli. Huku kwetu, nyuzi tatu hivi kusini mwa Ikweta, mchana ni saa 12 mwaka mzima, na mafuta yatakuwa machache na dhaifu. Shindano na wakulima wa India tumeshalipoteza kabla ya kuanza.

Kivumbasi cha kafuri ni habari nyingine, maana hapa ndipo kwao. Pembezoni mwa msitu wa Kakamega nchini Kenya, kikundi cha wakulima kiitwacho Muliru kilianza kukilima badala ya kukata msitu, kikakamua mafuta na, kwa msaada wa kituo cha utafiti cha icipe, kikatengeneza dawa ya kupaka iitwayo Naturub, iliyosajiliwa na mamlaka ya dawa ya Kenya. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ekweta, ileile iliyokuja Shinyanga miaka minane kabla. Mmea walioutumia ni wa Afrika Mashariki na hata jina lake la kisayansi, Ocimum kilimandscharicum, limetokana na mlima wetu.

Kikundi kinachotaka kufuata njia hiyo kifanye hesabu ya kuni kwanza. Kukamua mafuta ni kuchemsha pipa la majani kwa saa nyingi na kuupoza mvuke kwa maji baridi, na watu wa Shinyanga hatuhitaji kufundishwa gharama ya kuni. Bila miti ya kupanda wenyewe na maji ya uhakika, mtambo huo utakula ngitili. Ndiyo maana nashauri kianze na majani yaliyokaushwa kivulini na kufungashwa vizuri, na mafuta ya kupaka ya kawaida: majani makavu ya kivumbasi yakilowekwa kwenye mafuta ya alizeti yaliyopashwa moto taratibu ndani ya sufuria ya maji kwa saa mbili, yakachujwa, yakachanganywa na nta ya nyuki, sehemu moja ya nta kwa sehemu nne au tano za mafuta. Ni ya watu wazima, kwa misuli na kwa kujipaka jioni.

Mkitaka kuandika neno dawa kwenye kikopo, nendeni kwanza Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002; bidhaa za urembo na kujipaka ziko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanatoa mafunzo ya ufungashaji, na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri imetengwa kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Na kwenye kila kikopo mtakachouza Katoro au Kahama, andikeni kwa herufi zinazosomeka: asipakwe mtoto wa chini ya miaka miwili, na anayekohoa kwa wiki mbili aende kupima kifua kikuu, vipimo ni bure.